Mkuu wa chuo anasema Google inatosha: katalogi ya nini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Historia katika chuo cha ualimu mkoani Tanga. Mwaka jana mkutubi wetu alistaafu, nikakabidhiwa funguo za maktaba. Tuna vitabu kama elfu tisa na kabati la kadi lenye droo 24. Mkuu wa chuo anataka kabati liondoke ili pawekwe meza za kompyuta, na hata katalogi ya kompyuta niliyoomba anaona ni kupoteza fedha, kwa kuwa wanafunzi wote wanatafuta kila kitu Google. Nimeshindwa kumjibu. Je, katalogi bado ina kazi siku hizi? Na hizi kadi nizifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze kwa kumtetea mkuu wako, ingawa najua sicho ulichotaka kusikia. Kuhusu wanafunzi anasema kweli. Mwaka 2005 OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake Ohio, Marekani, uliwahoji watu wa nchi sita wanavyotafuta habari. Kati ya kila watu 100, 84 walisema wanaanzia kwenye injini ya utafutaji. Waliosema wanaanzia kwenye tovuti ya maktaba alikuwa mmoja. Hapo hata simu za kugusa zilikuwa bado hazijaingia mifukoni mwetu. Mwaka uliofuata Karen Calhoun wa Chuo Kikuu cha Cornell aliiandikia Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, ripoti iliyowachafua roho wakutubi wengi: alisema katalogi kama tunavyoijua inaelekea ukingoni, na miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwemo la kuacha kutunga kwa mkono vichwa vya mada, yaani maneno yanayosema kitabu kinahusu nini. Thomas Mann, mkutubi wa hapohapo Library of Congress (si yule mwandishi wa Kijerumani), alimjibu kwa ukali, na mabishano yale tuliyafuatilia huku kwetu kama watu wanavyofuatilia mechi ya Simba na Yanga.

Mimi mwenyewe, niliyekula mshahara wa katalogi kwa zaidi ya miaka thelathini, nikitaka kujua mwandishi fulani alizaliwa mwaka gani, nachukua simu. Sivuti droo. Kwa hiyo katalogi kama mahali pa kuanzia imekufa, tukubali. Mkuu wako amekiona kifo hicho akadhani ni msiba wa ukoo mzima.

Mpe kisa hiki. Mwishoni mwa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliingia kwenye mifumo ya British Library, London, wakayafunga mafaili na kudai fedha. Maktaba haikulipa. Vitabu havikuguswa hata kimoja. Maktaba ile ina vitu zaidi ya milioni 150, na vyote vilibaki palepale vilipokuwa. Kilichozimika ni katalogi. Mtafiti aliyesafiri toka mbali alifika akakuta jengo liko wazi, taa zinawaka, wahudumu wapo, na hakuna awezaye kumwambia kitabu chake kiko ghala gani. Katalogi ilirudi tarehe 15 Januari 2024, tena ya kutazama tu. Ni wiki kumi na moja na ushee. Siku zote hizo Google ilikuwa inafanya kazi kama kawaida.

Hapo ndipo penye jibu. Google inaweza kukwambia kitabu kipo duniani. Haijui kwamba nakala yenu ya kwanza aliazima mwalimu wa Kiswahili mwezi Machi na hajairudisha, na kwamba ya pili iko rafu ya nne toka dirishani, jalada limetoka. Mwanafunzi anayesoma kwenye simu kwamba kitabu kinauzwa dola thelathini na kusafirishwa toka Uingereza anahitaji mtu, au kitu, cha kumwambia kiko hatua ishirini toka alipokaa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya katalogi na haijawahi kuchukuliwa na yeyote.

Lakini ipo kazi ya pili, ambayo watu wengi hawaioni. Vuta droo moja ya kabati lako tuangalie pamoja. Kadi ina sentimita 7.5 kwa 12.5, ina tundu chini, na fimbo ya chuma imepita kwenye matundu yote ili mtu asichomoe kadi akaondoka nayo. Tafuta kadi ya Shaaban Robert. Ningeweka dau kwamba kwenye herufi S hayupo. Yuko R: «Robert, Shaaban, 1909–1962». Kanuni zilitungwa kwa kufuata majina ya Ulaya, ambako neno la mwisho ni la ukoo, na hivyo jina la baba yake likageuzwa ukoo. Mkutubi mwenye bidii aliongeza kadi kwenye S iliyosema «Shaaban Robert, tazama Robert, Shaaban». Mvivu aliacha, na mwanafunzi wa Tanga akatoka akiamini maktaba ya Tanga haina kitabu cha mtu wa Tanga.

Kazi hiyo tunaiita udhibiti wa majina. Ni kuamua kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja, au kwamba huyu na huyu, japo wanaitwa sawa, ni wawili. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa vitabu vyake vya mwanzo kwa jina la James Ngugi, na jina lake la baadaye lina alama juu ya herufi ambazo kibodi zetu nyingi hazina. Katalogi nzuri humpa mtafutaji vitabu vyote, aandike jina lipi, aweke alama asiweke. Utasema hata Google hufanya hivyo. Kwa Ngũgĩ, ndiyo, kwa sababu ni maarufu na mamilioni wameshamtafuta. Lakini mshairi wa Pangani aliyechapisha diwani mbili, moja kwa jina la kuzaliwa na nyingine kwa lakabu, hana mamilioni ya kumsaidia. Ana wewe tu.

Vivyo hivyo kwa kazi zenyewe. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate utenzi mrefu juu ya vita vya Waislamu na Warumi. Kuna wanaouita Utendi wa Tambuka, kuna wanaouita Chuo cha Herekali. Mwingine ataandika utenzi badala ya utendi, na mwingine atafuata herufi za Kiarabu atoe Hereqali. Miswada ya tenzi za namna hii imetawanyika: ipo katika chuo cha SOAS, London, ipo Ujerumani, na mingi ilikusanywa na J. W. T. Allen kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaitolea katalogi mwaka 1970. Mashine inayotafuta herufi kwa herufi itaona hizo ni kazi nne tofauti. Anayejua kwamba ni moja ni binadamu aliyeisoma, na asipoyaandika hayo kwenye rekodi, maarifa yake yanastaafu pamoja naye. Kwenye rekodi ya kompyuta kuna uga (nafasi ya kujazia) wa namba 246 kwa ajili ya majina mengine ya kitabu kilekile. Jaza huo bila ubahili.

Sasa niseme jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, nalo linatuhusu sisi tunaotafuta kwa Kiswahili.

Programu za utafutaji zilizaliwa kwenye lugha zinazobadilisha mkia wa neno. Kiingereza kikitaka wingi huongeza herufi mwishoni, kwa hiyo programu imefundishwa kukata mwisho na kutafuta kilichobaki. Kiswahili hubadilisha kichwa. Mtoto, watoto. Mwalimu, walimu, ualimu. Shairi, mashairi, mshairi, washairi, ushairi. Mwanafunzi akiandika «ushairi» kwenye katalogi ya kawaida, kitabu chenye jina lenye «mashairi» hakimtokei. Atakwambia maktaba haina vitabu vya ushairi, na rafu nzima iko nyuma ya mgongo wake. Nimeliona hilo kwa macho, si mara moja. Safari moja nilikaa na binti wa mwaka wa pili kwenye kompyuta ya maktaba, anatafuta vitabu vya malezi. Akaandika «mtoto», yakaja matokeo matatu. Nikamwambia andika «watoto». Yakaja kumi na tisa. Akanitazama kama nimefanya mazingaombwe.

Kwenye kabati la kadi tatizo hili lilikuwepo lakini mkutubi alisimama pembeni, akikuona umepotelea kwenye M alikwambia nenda W. Kompyuta haina mtu pembeni. Dawa ipo na ni ya kijinga kabisa: katika kila rekodi, andika maneno ya mada kwa umoja na wingi, na kwa majina ndugu. Uga wa 653 unapokea maneno huru, hauna masharti. Kitabu cha tenzi kiandikiwe utenzi, tenzi, utendi, tendi, ushairi, mashairi. Inachukua nusu dakika.

Na hapo tunagusa kidonda kingine. Siku hizi karibu hakuna anayeandika rekodi toka mwanzo. Tunaichukua ilikokwisha kuandikwa. Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua machapisho ya ukanda huu, kwa hiyo kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kinaweza kuwa na rekodi safi Washington wakati maktaba ya wilaya kilikoandikwa haina habari nacho. Wewe unaandika ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, rekodi inashuka kwa sekunde chache. Raha. Ila vichwa vya mada vinashuka kwa Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa na Mswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, kinapatikana kwa mada kama mtafutaji anajua Kiingereza. Jina la kitabu lisipotaja mada yake, kimekwisha. Fikiria riwaya juu ya vita vya Majimaji ambayo jina lake ni jina la kijiji tu.

Tena maneno ya wenzetu huja na macho ya wenzetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia. Katika orodha ya vichwa vya mada ya Library of Congress alikutana na neno «Kafirs», limewekwa kama jina la kawaida la watu weusi wa kusini mwa Afrika. Wenzake pale Zambia walimweleza kuwa ni tusi. Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa. Neno lenyewe tunalijua lilikotoka, na tunajua makaburu walilitumiaje. Mwaka 1971 Berman alitoa kitabu kizima cha kukosoa vichwa vya namna hiyo, kimoja kimoja, na vingi baadaye vilibadilishwa. Ninachotaka uone ni kwamba neno lile lilikaa kwenye katalogi za maktaba za Afrika, kwenye kadi zilizonunuliwa zikiwa tayari zimepigwa chapa, na zikapangwa na mikono ya Waafrika. Ukinakili rekodi, soma ulichonakili.

Namba za Dewey, zinazotumika kupanga vitabu rafuni kwa mada, nazo zina yao. Melvil Dewey alitoa mpango wake 1876, na kwenye dini, namba 200 hadi 299, Ukristo ulipewa sehemu kubwa mno. Uislamu wote uliwekwa kwenye 297. Dini za asili za Waafrika, 299.6. Maktaba ya pwani yenye vitabu vingi vya fikihi, tafsiri na sira inalazimika kuvisonga vyote kwenye namba moja na kuongeza desimali mpaka karatasi ya mgongoni haitoshi. Nilifanya kazi mahali ambapo kitabu chembamba cha sala kilikuwa na namba ndefu kuliko upana wake! Zamani hili lilikuwa tatizo kubwa kwa sababu msomaji alitegemea kupitapita kwenye rafu. Katalogi ya kompyuta imelipunguza makali: kitabu kinakaa mahali pamoja, lakini kinaweza kutafutwa kwa njia kumi. Mahali kilipo na kilivyo ni mambo mawili, na kadi hazikuweza kuyatenganisha kwa urahisi, maana kila njia mpya ilidai kadi nyingine na droo nyingine.

Kuhusu vitu visivyoshikika nitapita haraka, maana chuo chako kwa sasa hakilipii majarida mengi ya mtandaoni. Katalogi ya zamani ilikuwa orodha ya mali: kilichomo humu ndani. Leo maktaba inalipia ruhusa ya kusoma majarida yaliyo kwenye seva ya mtu mwingine, na vyuo vikuu vya Tanzania vimeungana chini ya COTUL ili kulipia kwa pamoja, kama Wakenya walivyofanya na KLISC. Mkataba ukiisha, kitu kinatoweka na rekodi inabaki inaning'inia. Ukifika huko, jifunze kufuta.

Muhimu zaidi kwako ni kinyume chake: vitu mlivyonavyo ninyi peke yenu. Vitabu vya kiada vya kawaida vimeshaorodheshwa na dunia nzima. Rekodi yako ya kitabu cha saikolojia ya elimu haimwongezei mtu kitu nje ya geti la chuo. Lakini ripoti za utafiti za wanafunzi wenu wa ualimu, zilizorundikwa chumba cha nyuma toka enzi za Mwalimu, hakuna mwingine aliye nazo. Mtu alikaa miezi mitatu kijijini Handeni akaandika juu ya michezo ya watoto au utoro shuleni. Google haijui. Na haitajua, kwa kuwa haiwezi kusoma karatasi iliyo kwenye boksi. Rekodi moja, hata isiyo na maandishi kamili, yenye jina, mwaka, kijiji na mada kwa Kiswahili, ikiwekwa kwenye katalogi iliyo wazi mtandaoni, inaifanya injini hiyohiyo ya mkuu wako imlete mtafiti mlangoni kwenu. Sikuhizi nawaambia vijana: anza na kile ambacho kikiungua hakuna wa kukuazima nakala.

Na kuna kazi mpya kabisa ambayo sisi wa enzi za kadi hatukuota. Mwaka jana mwanafunzi aliniletea orodha ya vitabu saba juu ya historia ya mkonge. Safi, ina waandishi, ina miaka, ina wachapishaji. Nikaanza kuvitafuta. Vinne nikavipata. Vitatu havikuwepo katalogi yetu, wala za vyuo vikuu, wala WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia, wala popote. Nikamuuliza orodha ameitoa wapi. Akili unde. Ilikuwa imetunga vitabu, na kimoja ilikuwa imemvisha mwandishi wa kweli, marehemu ambaye hakuwahi kuandika juu ya mkonge maishani mwake. Hapo katalogi ikawa shahidi: rekodi ina maana kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikishika kitabu hicho mkononi, akahesabu kurasa zake na kuandika. Kijana wa watu alikuwa amebakiza siku mbili kukabidhi kazi yake.

Sasa kadi.

Kwanza, usitupe hata moja bado. Ninajua chuo kimoja, sitakitaja, walikouza kabati na kadi zikachomwa kwa sababu «tumeshaingia kwenye kompyuta». Walikuwa wameingiza theluthi moja. Zaidi ya hayo, kadi huandikwa. Geuza za kwako uone nyuma: «nakala ya 2 ofisini kwa Mkuu», «kimepotea, ukaguzi 1994», «zawadi ya familia ya marehemu». Hayo hayamo kwenye rekodi ya Washington.

Pili, usihangaike na droo zote 24. Kila kitabu kina kadi tatu au zaidi humo: ya mwandishi, ya jina la kitabu, ya mada. Tafuta kadi za rafu, ambazo ni moja kwa kila kitabu, zimepangwa kwa namba kama vitabu vinavyosimama kwenye rafu. Kwa kawaida hazikai kabatini kwa wasomaji. Ziko kwenye boksi ofisini kwa mkutubi, na mstaafu wako atajua ziko wapi. Mpigie simu wiki hii, na umsalimie. Vitabu elfu tisa, ukitoa nakala zinazojirudia, pengine ni majina elfu tano na nusu. Mtu aliyezoea anaweza kunakili na kurekebisha rekodi arobaini kwa siku. Watu wawili, themanini. Ni siku sabini za kazi. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kule Bagamoyo kina wanafunzi wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Andika barua mapema, wape chai ya saa nne na mahali pa kulala, watafanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe na mimi.

Programu usinunue. Tumia Koha, ambayo ni huria; ilianzia kwenye maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Vyuo vingi Afrika Mashariki vinaitumia, kwa hiyo hutakosa wa kumuuliza. Mwambie mkuu ukweli kwamba programu ni bure lakini kompyuta ya kuiwekea, umeme na mtu wa kuiangalia si bure. Kisha weka nakala ya akiba kila Ijumaa kwenye diski mbili, moja ikalale nje ya jengo. British Library wangekuunga mkono.

Kazi ikienda, shika kadi moja, kitabu kimoja, rekodi moja. Kitabu kiwepo mkononi, usiamini kadi peke yake. Kikiwepo na rekodi ikakamilika, kadi ipigwe alama ya wino pembeni. Kisipoonekana, kadi iende boksi jingine la «kutafuta». Utashangaa boksi hilo litakavyojaa, na hapo mkuu atapata kwa mara ya kwanza hesabu ya kweli ya vitabu alivyonavyo. Nadhani hesabu hiyo itamgusa kuliko hoja zangu zote.

Usione haya kwamba umechelewa. OCLC haohao, waliokuwa wakizichapia maktaba kadi tangu 1971, walichapa za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Ni juzi tu.

Kabati liombee mwaka mmoja. Lisogezwe koridoni kama meza za kompyuta zinataka nafasi, ila droo zibaki na mpangilio wake na fimbo zake, na mlango wa koridoni ufungwe usiku. Ukaguzi wa vitabu ukimalizika na boksi la «kutafuta» likawa limepitiwa mara mbili, kadi za mwandishi na za mada zinaweza kwenda. Ambazo nyuma ni nyeupe, wanafunzi watazipigia hesabu. Kadi za rafu bakiza. Kwa elfu tano na nusu ni droo tano tu, na umeme ukikatika wiki ya mitihani utajua la kufanya.